Kabureta, Pampu na Tangi la Gari la Zamani: Kipi Ukitengeneze Nyumbani, Kipi Ukibadilishe

Mwenye Land Rover Series III au Corolla KE70 anayeishi Mbeya, Iringa au Njombe, gari lake linapoanza kumisi mlimani au kunuka petroli likiwa limeegeshwa, hupewa ushauri wa aina tatu kwa siku moja: aing'oe kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) na kuiosha, anunue nyingine ya mtumba, au aachane nayo kabisa na kufunga mpya ya mfano mwingine. Kila ushauri una mtu anayeuapia, na kila mmoja una gari ambalo kweli uliliponya. Hapa naulinganisha ushauri huo, pamoja na ule unaohusu pampu, tangi na mipira ya mafuta, kwa ajili ya mtu mwenye spana zake na uwanja wa kufanyia kazi nyumbani, ambaye gari hilo si la kumfikisha kazini kesho asubuhi. Msimamo wangu ni kwamba kifaa cha asili ambacho chuma chake hakijachoka ni heri kukitengeneza kuliko kukibadilisha, na kwamba huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ipo sababu ya ziada ya kusema hivyo, nayo ni mwinuko wa nchi.

Je, kosa ni la mafuta kweli?

Kabureta husingiziwa makosa mengi ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Pointi zilizoungua, kondensa iliyochoka na waya za plagi zilizopasuka huleta dalili zilezile za kumisi na kukosa nguvu, na wapo watu waliokwisha kununua kabureta nzima kabla ya kujaribu kubadilisha kondensa, ambayo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa. Kipimo cha haraka ni hiki: zima injini, vua chujio la hewa, kisha chungulia kwenye koo la kabureta huku ukivuta mkono wa akselereta kwa vidole. Mchirizi wa petroli ukiruka mara moja, bakuli la kabureta (sehemu inayoweka petroli ya kutumika) lina mafuta na pampu ndogo ya akselereta ni nzima, hivyo gari likiendelea kukataa kuwaka, anza kutafuta moto wa plagi. Pasipo mchirizi, kagua tangi, chujio na pampu kabla ya kuigusa kabureta. Plagi nazo zina la kusema, kwa kuwa masizi meusi makavu huonyesha kwamba petroli imezidi hewa, na weupe huonyesha kwamba hewa imezidi petroli.

Kabla ya kulegeza klipu yoyote, toa waya wa hasi wa betri, na gari liwe nje, si ndani ya banda lililofungwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; haupai, bali hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo na pembe, na unaweza kusafiri mita kadhaa hadi ulipo moto. Nalisema hili hasa kwa ajili ya Juni na Julai, wakati ambapo baridi ya Uyole au Mafinga humfanya mtu asogeze jiko la mkaa karibu na anapofanyia kazi bila hata kufikiri. Kizimamoto cha unga na ndoo ya mchanga mkavu viwe karibu, kwa sababu maji hayaizimi petroli bali huieneza. Kutoa petroli kwenye tangi kwa kuinyonya kwa mpira na mdomo ni desturi inayofaa kuachwa: ikiingia kwenye mapafu, hata kidogo, huyadhuru vibaya, na aliyeimeza asitapishwe bali apelekwe hospitali.

Kabureta: kuitengeneza, ya mtumba, au mpya ya mfano mwingine

Kabureta ya asili ina faida moja ambayo hizo nyingine mbili hazina: mikono yake, matundu ya boliti zake na bomba zake za hewa tayari vinalingana na injini yako. Gharama ya kuitengeneza ni seti ya ripea, yaani gasketi, sindano ya boya na kiti chake (vinavyofunga petroli bakuli likijaa), dayaframu (utando wa mpira) na oringi (pete ya mpira), pamoja na siku yako moja au mbili. Kinachoamua kama njia hii inafaa si uchafu ulioko ndani, maana uchafu huoshwa, bali ni hali ya chuma. Sehemu ya kwanza ya kukagua ni shafti ya throto, yaani mhimili wa kibati kinachofunguka kooni ukikanyaga akselereta. Ishike kwa vidole viwili uitikise juu na chini. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, hewa inaingia kandokando yake, na hakuna skrubu itakayoifanya injini itulie ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa akselereta. Ukitaka uhakika zaidi, dondoshea tone la oili pale shafti inapoingia kwenye mwili wa kabureta huku injini ikiwa sailensi. Mlio ukibadilika kwa muda mfupi, oili imeziba pengo ambalo hewa ilikuwa ikipitia. Fundi wa kukereza vyuma anaweza kuchonga bushi ya shaba na kuirudisha shafti mahali pake, lakini hapo kazi imekwisha kutoka nyumbani, na gharama yake yafaa ilinganishwe na ya kabureta nyingine.

Land Rover nyingi za petroli zenye injini ya lita 2.25 zilifungwa Zenith 36 IV, na kabureta hii ina ugonjwa wake unaojulikana kila mahali ilikofika. Kifuniko chake cha juu hupinda kwa sababu ya joto na ya kukazwa kupita kiasi, na oringi ndogo inayoziba njia za ndani hukauka. Petroli hupenya mahali ambapo haikutakiwa kupita, moshi mweusi hutoka, gari hula mafuta, na skrubu ya mchanganyiko haileti tofauti yoyote hata ukiifunga yote. Dawa yake hufanyika mezani. Laza msasa wa maji namba 400 juu ya kipande cha kioo kinene, uulowanishe, weka uso wa kifuniko juu yake, kisha ukizungushe taratibu bila kukandamiza upande mmoja. Baada ya mizunguko michache kigeuze uangalie: palipong'aa ndipo palipoinuka, na palipobaki na rangi ya kijivu ndipo palipobonyea. Endelea hadi uso wote ung'ae, fanya vivyo hivyo kwa kipande chenye jeti (vijiti vya shaba vyenye tundu linalopima petroli) kinachokutana nacho, osha chembe zote za msasa, weka gasketi na oringi mpya, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana. Anayeitupa Zenith kwa sababu ya kosa hili anatupa kifaa kizima kwa ajili ya oringi.

Kabureta ya Aisin iliyo kwenye injini ya 4K ya Corolla ni habari nyingine. Ina makoo mawili na mipira mingi myembamba ya hewa, na mpira mmoja ukirudishwa pasipo pake unaweza kukupotezea wiki nzima ukitafuta kosa ambalo si la kabureta. Piga picha kwa simu kutoka pande zote kabla ya kuchomoa chochote, na ufunge karatasi yenye namba kwenye kila mpira. Kuosha kwenyewe ni kulekule: petroli safi na brashi laini, kisha kupuliza kila njia kwa upepo, na pampu ya kujazia matairi inatosha kama huna kompresa. Usizibue jeti kwa waya wa chuma, hata kama umewaona mafundi wengi wakifanya hivyo, kwa sababu jeti ni ya shaba laini na tundu lake likikwaruzwa hupanuka. Uzi wa nailoni wa mshipi, kama ule wanaoutumia wavuvi wa Ziwa Nyasa, unazibua bila kudhuru. Boya la shaba litikise sikioni kusikiliza kama lina petroli ndani, kisha lizamishe kwenye maji ya moto. Vipovu vikitoka, lina tundu.

Kabureta ya mtumba inavutia kwa bei na kwa upesi wake, na kwenye maduka ya spea za kuchinja, yaani zilizong'olewa kwenye magari mabovu, pale Mwanjelwa hutakosa mtu wa kukuambia kwamba ilitoka kwenye gari lililokuwa linatembea. Huenda ni kweli. Hata hivyo, kabureta iliyokaa rafuni miezi mingi bila petroli huwa imekauka dayaframu zake na kuota unga mweupe ndani ya bakuli, kwa hiyo utalazimika kununua seti ya ripea vilevile, na gharama mbili umezibeba. Zaidi ya hapo, kabureta mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana jeti, aina ya choki na upande wa mkono wa akselereta kwa sababu zilitengenezewa injini au nchi tofauti. Mimi ningeinunua kwa masharti mawili: muuzaji akubali uifungue kifuniko mbele yake kabla ya malipo, na shafti ya throto isicheze. Shafti ikiwa nzima, mtumba ni ununuzi mzuri hata kama kila kitu kingine ndani ni kibovu, maana unachonunua ni mwili wake, na jeti zako za zamani ukazihamishia humo.

Njia ya tatu ni kabureta mpya ya mfano mwingine. Kwa Land Rover, inayotajwa sana ni Weber 34 ICH, ambayo ni nyepesi kuielewa na haina ule ugonjwa wa kupinda. Sifa yake ni kubana matumizi ya mafuta. Kasoro yake ni kwamba koo lake ni jembamba, hivyo injini hupungukiwa nguvu inapozungushwa kwa kasi kubwa. Hapa ndipo mwenye gari ajiulize anakokwenda. Anayezunguka mjini Iringa na kwenda shambani Kalenga hataliona pengo hilo, na petroli atakayookoa ataihesabu. Anayepanda mlima wa Kitonga na mzigo ataliona kila safari. Tena zipo kabureta za kuiga zinazouzwa kwa sura ileile, na matundu ya jeti zake hayaaminiki. Ukiinunua bila kujua chapa ya ndani, umenunua kazi ya kuirekebisha.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: shafti nzima na uso uliopinda, tengeneza, shafti mbovu, tafuta mwili wa mtumba ulio mzima, mpya ya mfano mwingine ije pale tu hayo mawili yaliposhindikana au pale mwenye gari anapojali petroli kuliko mwendo. Wapo wanaoruka yote haya na kufunga injini ya kisasa yenye mfumo wa kupulizia mafuta. Huo ni mradi wa gereji na wa pesa nyingi, unahitaji waya, kompyuta, tangi na pampu tofauti, na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, una safari ya ofisi ya usajili wa magari pia.

Mwinuko na jeti

Kabureta yoyote inayotoka dukani imepangwa, kwa kawaida, kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Njombe iko juu zaidi. Kwa mita 1,700 hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 15, lakini kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi hichohicho, hivyo mchanganyiko huzidi petroli kwa takriban asilimia 8. Matokeo yake ni plagi nyeusi, harufu ya petroli na ulaji wa mafuta ambao watu huuzoea wakidhani ndiyo tabia ya gari la zamani. Kwa Weber, namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa sehemu ya mia ya milimita, kwa hiyo jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30, ukitaka kupunguza petroli kwa asilimia 8, hesabu inakupeleka kwenye 125. Hatua moja tu ya jeti, na gari linabadilika.

Lakini je, ubadilishe? Gari lisilotoka Mbeya, Tukuyu na Makete, ndiyo. Gari linaloteremka Kyela kila wiki, ambako ni mita 500 hivi, au linalokwenda Dar es Salaam na mzigo, lingoje kwanza. Likiwa na jeti ndogo huko chini, mchanganyiko hupungukiwa petroli, injini hupata joto na kuanza kugonga, na valvu za kutolea moshi zinaweza kuungua. Kuzidi petroli kunakula pesa; kupungukiwa petroli chini ya mzigo kunakula injini. Mwenye safari za namna hiyo abaki na jeti ya asili na kurekebisha skrubu ya mchanganyiko wa sailensi peke yake. Hapa pia ndipo kabureta ya asili inapoizidi mpya, kwa sababu gari lililokaa huku miaka mingi huenda tayari fundi wa zamani aliiwekea jeti inayofaa. Soma namba za jeti zako na uziandike kabla ya kuuza au kutupa chochote.

Pampu ya mafuta: ya dayaframu au ya umeme

Pampu ya asili ya magari haya imefungwa ubavuni mwa injini na husukumwa na shafti ya kemu. Ikichoka dayaframu, dalili mbili hutokea, na ya pili ndiyo ya hatari: petroli huvuja nje, au huingia chini kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli na kiwango cha oili kimepanda badala ya kushuka, usiwashe injini tena hadi umebadilisha pampu na kumwaga oili yote. Kuipima pampu si kazi ngumu: chomoa waya wa koili ili injini isiwake, elekeza mpira unaotoka kwenye pampu ndani ya chupa, kisha mwenzako apige stata. Petroli inapaswa kuruka kwa mapigo yenye nguvu. Ya Land Rover ina hata mkono mdogo wa kupampia kwa kidole, ambao hukusaidia kujaza bakuli la kabureta bila kuichosha betri baada ya matengenezo.

Pampu ya umeme ina ushindi wake mahali pamoja, nao ni mvuke kwenye bomba. Petroli huchemka kwa joto la chini zaidi kadiri unavyopanda juu, na gari lililotoka Ruaha Mbuyuni na kumaliza Kitonga lina joto jingi chini ya boneti. Likisimama Ilula dakika chache, petroli iliyo kwenye pampu na bomba hugeuka mvuke, na pampu ya dayaframu hushindwa kuuvuta. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa juu ya pampu hulimaliza tatizo kwa siku hiyo. Pampu ya umeme iliyofungwa karibu na tangi, chini, husukuma badala ya kuvuta, na bomba lenye shinikizo halipati mvuke kwa urahisi. Hata hivyo, kabla ya kuinunua jaribu njia ya bei ndogo: sogeza bomba mbali na ekzosi na uweke kipande cha bati kama ngao kati yao. Magari mengi hupona hapo.

Ukiamua umeme, makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kununua pampu ya gari la kupulizia mafuta kwa sababu ipo dukani na ni imara. Kabureta hutaka shinikizo la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 2 hadi 4 tu, na pampu hizo hutoa zaidi ya mara kumi ya kiwango hicho, kiasi kwamba sindano ya boya haiwezi kuzuia na petroli humwagika juu ya injini yenye moto. La pili ni kuiunganisha moja kwa moja na swichi bila kizuizi. Gari likipata ajali na bomba likakatika, pampu ya dayaframu hukoma injini inapozima, lakini ya umeme huendelea kumwaga petroli. Iwe na fyuzi yake na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayokatwa na swichi ya shinikizo la oili. Mtu asiyeweza kufunga relei hiyo, au asiye na fundi umeme wa kumfungia, abaki na dayaframu; hilo sina shaka nalo.

Tangi na mipira

Tangi lenye kutu jepesi huoshwa nyumbani. Limwage, lishushe, tia mnyororo au kokoto safi na maji ya sabuni, litikise hadi maji yatoke safi, kisha siki au asidi ya limau ilale ndani usiku kucha, suuza, ukaushe haraka kwenye jua na ulipake petroli ndani kabla kutu haijarudi. Tangi lenye matundu madogo mengi halifai kuzibwa kwa gundi moja baada ya nyingine. Chuma chake kimekwisha, na jipya la kuundwa na fundi bati, au la mtumba lililo zima, ni rahisi kwa muda mrefu. Kulichomea tangi lililowahi kuwa na petroli kusifanyike nyumbani kabisa, hata kama limekaa wazi mwezi mzima, kwa kuwa mvuke hubaki kwenye mikunjo na kutu. Baada ya kuosha, weka chujio jipya kabla ya pampu na ulibadilishe tena mapema, maana kutu iliyolegea huendelea kutoka.

Mipira ya mafuta ndiyo sehemu ambayo sioni ulinganisho wa kweli: yote hubadilishwa. Mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, uliozoeleka kwenye pikipiki, hukakamaa na kupasuka karibu na joto la injini, na mpira wa maji huyeyuka ndani na kuziba jeti. Tafuta mpira wenye maandishi ya SAE 30R7 ubavuni kwa kabureta, au 30R9 ambao ni imara zaidi na ghali zaidi. Kwa gari linalobaki Tanzania, 30R7 inatosha. Wanaovuka mpaka wa Kasumulu na kujaza Malawi wakumbuke kwamba nchi hiyo imekuwa ikichanganya ethanoli na petroli tangu 1982, na ethanoli hulainisha mipira ya zamani, huvuta unyevu na kung'oa uchafu wa miaka mingi uliolala kwenye tangi. Kwao hao 30R9 ni ya lazima, dayaframu ya pampu iwe mpya, na chujio la akiba likae ndani ya gari pamoja na bisibisi ya kufungulia klipu.